Dhiraa Moja Juu ya Nyasi

Anthime Hauville alikuwa fundi baiskeli wa mji mdogo wa Courvaux. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa fundi saa, na kabla hata ya hapo, kama walivyopenda kusema watu wa mji, alikuwa tayari mtu wa kukaa peke yake. Karakana yake ilitazamana na kanisa. Alilala chumba cha juu, kwenye kitanda cha watu wawili ambacho alikitumia upande mmoja tu tangu Zélie, mkewe, alipofariki kwa homa ya mapafu miaka tisa iliyopita. Mchana alinyoosha spoku na kuziba mipira. Jioni, akishakunywa supu yake amesimama, alishuka tena chini kwenye kile kitu kilichojaza nusu ya karakana.

Kilikuwa helikopta, ingawa hakuna aliyekiita hivyo. Walikiita kinu. Fremu yake ilikuwa ya mabomba ya chuma, imekaa juu ya magurudumu manne ya baiskeli. Katikati palikuwa na kiti kimoja, nyuma ya kiti injini, na kwenye kila ncha ya fremu palikuwa na gurudumu kubwa lililolala chali, lenye mapanga mawili yaliyovikwa hariri. Injini ilizungusha mkanda mrefu wa ngozi, na mkanda ukazungusha mapanga. Kwa hesabu za Anthime, mapanga yangesukuma hewa chini kwa nguvu ya kutosha kuinua mashine na mtu wake kama mtu anavyoinuka kitini. Huko Paris walikuwapo waliokwisha kuruka kwa mabawa, lakini hao walikimbia kwanza uwanja mzima kama bata mzinga. Anthime hakuona sababu ya kukimbia. Yeye alitaka kupanda kutoka pale pale alipo.

Kila kitu kilikuwa chake isipokuwa injini. Hiyo aliazimwa na kiwanda kimoja cha Paris, kwa sharti lililoandikwa kwenye barua aliyoibandika ukutani kwa misumari miwili. Kabla ya Pasaka ya mwaka ule wa 1908, chama cha marubani cha huko Paris kiwe kimethibitisha kwa maandishi kwamba mashine iliondoka ardhini na mtu ndani yake. Kikithibitisha, injini ingebaki na nyingine kubwa zaidi ingeletwa. Kisipothibitisha, gari lingekuja kuichukua. Anthime alikuwa na umri wa miaka arobaini na nane. Alijua kwamba fundi baiskeli wa mji mdogo haazimwi injini ya namna ile mara mbili.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe ishirini mwezi wa pili, aliivuta mashine kwa farasi wa kukodi hadi kwenye malisho ya Mama Tocqueray. Mélanie Tocqueray alikuwa mjane mwenye ng'ombe kumi na mmoja na malisho yaliyo tambarare kuliko yote upande ule wa mto. Kila Jumamosi alimletea Anthime siagi, akaketi juu ya sanduku la misumari kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, wakazungumza juu ya chochote au wakanyamaza. Hapa mjini ndiye mtu pekee aliyeingia karakanani bila baiskeli mbovu.

Watu wengine siku ile walikuwa wawili. Polydore Houlette, fundi ngozi, ndiye aliyeshona ule mkanda, na alishika kamba ya kushoto ili mashine isipinduke. Baba Ursin, mchunga ng'ombe wa Mama Tocqueray, mzee asiye na meno ya mbele, alishika ya kulia. Mama Tocqueray mwenyewe alikuwa mbali kidogo, kwenye kigoda chake, akikamua. Mwaka ule baridi haikuwa kali na ng'ombe walikuwa nje.

Anthime aliwasha injini. Ng'ombe walihamia kona ya mbali, isipokuwa yule aliyekuwa akikamuliwa. Mkanda ulipiga kelele, kisha ukashika. Mapanga yalianza kuzunguka yakionekana moja moja, halafu hayakuonekana tena, na fremu nzima ikatetemeka kiasi kwamba meno yaligongana kinywani mwake. Akasukuma mkono wa mafuta hadi mwisho.

Ndipo mtetemeko ukakoma.

Injini haikuwa imezimika. Ilikuwa ikinguruma nyuma ya mgongo wake kama kawaida. Kilichokoma ni ile hali ya kugongwa na ardhi, ambayo mtu huizoea tangu anapojifunza kutembea na haijui mpaka itoweke. Alitazama chini, akaona nyasi zimelala kwa upepo, na kivuli cha gurudumu kimekaa mbali kidogo na gurudumu. Kilichotenganisha viwili hivyo kilikuwa kama dhiraa moja ya hewa. Alikaa hapo kwa muda ambao mtu angefika nusu ya Salamu Maria. Kisha mkanda ukateleza, na ardhi ikamrudia kwa kishindo.

Alizima injini. Polydore alikuja akiikunja kamba begani.

"Haya," akasema Polydore.

"Haya," akajibu Anthime.

"Ilikuwa na nia."

"Uliona?"

"Siwezi kusema nilikuwa nimelala."

Anthime alitikisa kichwa kwa furaha. Kwa mtu wa Courvaux, hayo yalikuwa maneno makubwa.

Watu wa huku hawasemi ndiyo, na hapana hawaisemi pia. Ukimuuliza mtu kama mvua itanyesha, atakuambia inaweza ikawa inafikiria. Ukimuuliza kama mwanawe amepona, atakuambia amekula. Huo si uongo wala ujanja. Anayesema ndiyo hapo hapo ni mlanguzi wa ng'ombe siku ya soko, au mtu wa kuomba kura. Mtu mwenye heshima zake huliweka jambo mezani na kuliacha hapo, na mwenzake, naye akiwa na heshima zake, analiona. Anthime alipomposa Zélie alimwambia kwamba chumba cha juu kilikuwa na nafasi. Zélie akasema hajawahi kuchukia ngazi. Wakaoana baada ya mavuno.

Wakati wa homa, siku mbili kabla hajafariki, Zélie alimuuliza kama alikuwa amempenda. Anthime alikuwa amemshikia bakuli. "Sikuwa na la kulalamika," alimjibu. Zélie akafumba macho na uso wake ukatulia, na Anthime aliamini kwamba amesikia kilichosemwa. Aliamini hivyo siku nyingi. Zilikuwapo siku nyingine, hasa Jumapili baada ya misa wakati watu wanatembea wawili wawili, ambapo hakuwa na uhakika.

Aliandika barua Paris siku ile ile ya Alhamisi. Mkaguzi alifika katikati ya mwezi wa tatu, kijana aliyevaa viatu virefu vya ngozi ya manjano, jina lake Bwana Brissonnet, pamoja na mvua. Mvua ilinyesha siku tatu. Ngozi ikilowa hulegea, na kila injini ilipowashwa mkanda uliteleza na mapanga yakazunguka kwa uvivu kama feni ya mkahawani. Polydore aliukaza, akaupaka utomvu, akautukana. Siku ya tatu Bwana Brissonnet alitazama saa yake. Treni yake iliondoka Lisieux jioni ile.

"Nitachukua ushahidi," alisema. "Kanuni zinaruhusu. Mashahidi watatu, swali moja, jibu moja. Wakithibitisha, inatosha."

Anthime alihisi mwili mzima unapata joto. Mashahidi watatu alikuwa nao.

Walikaa jikoni kwa Mama Tocqueray, chungu cha utumbo kikichemka polepole motoni tangu alfajiri. Mkaguzi alifungua daftari lenye safu mbili zilizopigwa mistari. Alianza na mwenye nyumba.

"Mama, tarehe ishirini mwezi wa pili, uliiona mashine ya Bwana Hauville ikiondoka ardhini? Ndiyo au hapana?"

Mama Tocqueray alifuta mikono kwenye aproni. Alifuta kidole kimoja kimoja.

"Nilikuwa nakamua."

"Naelewa. Lakini uliona?"

"Nilikuwa na ng'ombe mbele yangu. Chini ya ng'ombe pana nafasi."

"Na kwenye nafasi hiyo uliona nini?"

"Nyasi."

"Nyasi ziko kila mahali, mama."

"Hizi zilikuwa chini ya magurudumu. Hizo kwa kawaida mtu hazioni."

Bwana Brissonnet aliinua kalamu. "Kwa hiyo iliruka."

Mama Tocqueray alimtazama kijana huyo kwa makini, kama mtu anayepima kama mgeni anastahili kikombe kizuri au kile chenye ufa. Akaamua kumpa kilicho bora.

"Nisingeweza kuapa kwamba ilikuwa imekaa," alisema.

Anthime alitazama sakafu. Miaka yote aliyomjua hakuwahi kumsikia akijitoa kiasi hicho mbele ya mgeni, tena aliyekuja na daftari.

Mkaguzi aliandika kitu kifupi, akamgeukia Polydore.

"Bwana Houlette. Ndiyo au hapana?"

"Mimi nilishika kamba."

"Kamba ilivuta?"

"Haikulegea."

"Ilivuta kwenda juu?"

"Bwana Mkaguzi, kazi yangu ni hatamu. Farasi akivuta namjua, punda akivuta namjua, hata mke wa ndugu yangu akivuta namjua. Huyu alivuta kwa namna yake."

"Kwenda juu?"

Polydore alifikiri. "Sikuinama," alisema.

Mama Tocqueray alitikisa kichwa kumuunga mkono. Mkaguzi alishusha pumzi puani.

"Na wewe, mzee?"

"Kofia yangu iliruka," alisema Baba Ursin.

"Kofia?"

"Hiyo iliruka, ndiyo. Ilipita juu ya uzio. Sijaiona hadi leo."

Ile ndiyo ya Baba Ursin iliwafanya wote waone haya kidogo, kana kwamba mtu amejamba kanisani. Lakini kofia ni kofia, na alikuwa mzee, wakamsamehe.

"Na mashine?" aliuliza Bwana Brissonnet.

"Mashine sikuitazama. Nilikuwa natazama kofia."

Kijana aliweka kalamu chini. Alionekana amechoka, na hakuwa mtu mbaya. Baadaye Anthime alikumbuka kwamba macho ya kijana yalikuwa na huruma, na kwamba yeye hakuitambua huruma ile ilikuwa ya nini. Alikuwa ameshiba furaha. Katika maisha yake yote hakuwahi kutetewa na watu watatu kwa siku moja.

"Bwana Hauville," alisema mkaguzi, "wewe ulikuwa ndani. Hakuna ajuaye kuliko wewe. Niambie basi. Iliruka au haikuruka?"

Anthime alifungua mdomo. Lile neno alikuwa nalo. Lilikuwa ulimini, jepesi kama spoku, na hakuna kilichomzuia kulitoa ila zile nyuso tatu. Walikuwa wamemshuhudia kwa adabu, kila mmoja ameweka chake mezani akakaa kando. Kama sasa yeye angesimama katikati yao na kutamka ndiyo kavu, angeonekana kama mlanguzi anayejisifia fahali wake baada ya majirani kumsifia vya kutosha. Angewafanya wao waonekane hawakusema kitu.

"Nisingesema ilibaki chini," alijibu.

Bwana Brissonnet alifunga daftari. Alishukuru kwa kahawa, akapanda gari lake, akaondoka na mvua.

Wao wanne wakala utumbo. Mama Tocqueray alitoa konyagi ya matufaha, ile ya marehemu mumewe, akaitia kwenye kahawa bila kupima.

"Umemsikia huyu mama?" Polydore alimwambia Anthime. "Eti asingeapa kwamba ilikuwa imekaa. Nilitaka kujificha chini ya meza."

"Na wewe na mke wa ndugu yako," alisema Mama Tocqueray. "Kijana wa watu ataenda Paris aseme sisi watu wa namna gani."

"Ataenda aseme ukweli," alisema Polydore.

Anthime alicheka. Alirudi nyumbani kwa miguu, akapita njia ndefu ya mtoni ili furaha isiishe upesi. Ilidumu siku kumi na moja. Alichora injini mpya mahali pake kwenye fremu, alifikiria mkanda wa chuma wenye pingili badala ya ngozi, na asubuhi moja alijikuta anapiga mluzi akiziba mpira wa baiskeli ya padri.

Barua ilikuja siku ya kumi na mbili. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba mashahidi watatu, pamoja na mwombaji mwenyewe, waliulizwa swali moja lililo wazi, na kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekubali kuthibitisha mashine iliondoka ardhini. Jambo pekee lililothibitishwa bila shaka lilihusu kofia. Chama kilimtakia mafanikio. Barua ya kiwanda ilikuwa kwenye bahasha nyingine: gari lingekuja Jumatano ya Juma Kuu.

Aliisoma ile ya kwanza amesimama, halafu ameketi kwenye sanduku la misumari. Kwanza alidhani wamekosea jina. Kisha alianza kuwasikia wote tena, mmoja mmoja, kwa masikio ya yule kijana, na kila jibu lililokuwa limemjaza lilimtoka likiwa tupu. La kwake lilikuwa la mwisho.

Alimpelekea Polydore barua. Polydore aliisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Wanatuita waongo?"

"Hapana. Wanasema hatukuona."

"Nilimwambia sikuinama."

"Ulimwambia."

"Sasa mtu anataka nini zaidi? Nimchoree?"

"Wanataka neno lenyewe, Polydore. Lile moja."

Polydore alimrudishia karatasi kwa ncha za vidole. "Mimi si mtoto wa shule," alisema, na akarudi kwenye hatamu aliyokuwa akishona. Hakuwa amekasirika sana. Alikuwa ameaibishwa, na Anthime alijua kwamba hatakiwi kuomba tena.

Kwa Mama Tocqueray alikwenda Jumapili. Yeye hakuisoma barua, alimwambia amsomee. Anthime alipomaliza, Mélanie aliutazama moto.

"Neno hilo nimelisema mara moja tu," alisema hatimaye. "Kanisani. Na hapo padri aliniuliza mara mbili."

"Ukiliandika na meya akatia mhuri, labda watalipokea."

"Labda."

"Sikulazimishi, Mélanie."

"Najua hunilazimishi." Aligeuza ukuni mmoja uliokuwa hauhitaji kugeuzwa. "Nitaona."

Nitaona ya Mama Tocqueray haikuwa hapana. Anthime alisubiri. Wiki ikapita na siku kadhaa za wiki nyingine. Jumamosi Mélanie alikuja na siagi, akanywa kahawa yake, akasema matope ya mwaka huu yamezidi, na akaenda. Anthime hakumkumbusha. Kumkumbusha mtu kitu alichosema ataona ni kumwambia kwamba hatimizi neno lake. Hivyo wote wawili walikuwa wakilizunguka jambo lile kwa adabu, na Pasaka ikasogea.

Jumatano gari lilifika kabla ya saa sita. Mwenye gari alikuwa mchukuzi wa Lisieux, mtu mnene aliyevaa koti la mvua, pamoja na farasi wawili. Anthime alikwisha kuifungua injini na kuipangusa. Waliitoa kwa mbao, wakaipandisha, na mchukuzi akaanza kuifunga kamba. Watu walikuwa wamesimama mbele ya kanisa, mbali kiasi cha kutoonekana kwamba wanatazama.

Mama Tocqueray alitokea upande wa daraja. Alikuwa amevaa vazi lake la misa, siku ya kazi. Alitembea katikati ya barabara, akawapita wale watu bila kuwasalimu, akafika hadi kwenye gurudumu la gari.

"Wewe ndiye umetumwa na Paris?" alimuuliza mchukuzi.

"Nimetumwa na kiwanda, mama. Kuchukua mzigo."

"Basi waambie." Alikuwa amefumba ngumi zote mbili. Sauti yake ilisikika hadi kanisani. "Ndiyo. Iliruka. Niliona kwa macho yangu. Ndiyo."

Mchukuzi aliacha kufunga. Alimtazama yeye, akamtazama Anthime, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Mimi mchukuzi tu, mama," alisema taratibu.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mama Tocqueray alisimama kidogo zaidi, uso wake mwekundu hadi shingoni, kana kwamba upepo umemfunua nguo mbele ya watu. Kisha akageuka akarudi njia ile ile aliyokuja nayo. Anthime alitaka kumfuata. Lakini mchukuzi alikuwa ameshika ncha moja ya kamba na anahitaji mtu wa kushika ya pili, na mikono ya Anthime ikaishika, ikakaza fundo, kwa sababu injini iliyofungwa vibaya huanguka njiani.

Jioni ile aliandika Paris kwa mkono wake: Ndiyo, iliondoka ardhini, dhiraa moja. Chini yake aliandika kwamba Mama Mélanie Tocqueray pia amesema ndiyo mbele ya watu. Walimjibu baada ya Pasaka kwamba faili limefungwa.

Hayo angeweza kuyabeba. Alikuwa amezoea kubeba vitu peke yake. Lakini Courvaux haikuwa imefunga faili lolote. Mjane mwenye heshima zake amevaa nguo za misa siku ya Jumatano, amesimama barabarani, amepaza sauti kwa ajili ya mwanamume. Habari za kinu ziliisha mara moja; hakuna aliyeamini kwamba mtu anaweza kusema ndiyo kwa ajili ya kinu. Jumapili, baada ya misa, Anthime aliingia mkahawani kama kawaida, na wakampisha nafasi kwenye benchi, jambo lisilo la kawaida.

"Haya, Anthime," alisema mwenye mkahawa. "Tununue viatu vipya?"

"Vya nini?"

"Vya harusi. Kwa Mama Tocqueray."

Wengine walitazama vikombe vyao wakisubiri. Polydore alikuwapo, naye pia alitazama kikombe. Anthime aliona hatari iliko. Akisema hapana, atakuwa amemtupa Mélanie matopeni, yeye aliyejianika kwa ajili yake. Akisema ndiyo, atakuwa amesema jambo ambalo hawajawahi hata kulifikiria wawili pamoja, ingawa, alipokuwa ameketi pale huku kahawa ikimwunguza mkono, aliona kwamba yeye peke yake labda alikuwa amelifikiria. Alitafuta maneno ya kumlinda, yasiyosema lolote.

"Sijasema hivyo," alisema. "Wala sijasema sivyo."

Benchi zima likashusha pumzi. Mwenye mkahawa akaenda kuleta konyagi. Maneno yaliyokuwa haba mno kwa Paris yaliitosha Courvaux na kubaki. Kabla ya sala ya jioni, mji mzima ulijua kwamba Anthime Hauville ametangaza uchumba, na kwamba ametangaza kwa wanywaji kabla ya kumwambia bibi harusi.

Jumamosi iliyofuata siagi ililetwa na Baba Ursin.

"Mama hajambo?" aliuliza Anthime.

"Anatembea."

"Alisema kitu?"

Baba Ursin alisugua fizi zake. Alikuwa na kofia mpya, ya kubana. "Alisema mtu akitaka kuuliza kitu aulize mlangoni, si mkahawani. Kisha akasema nisikuambie."

Anthime aliiweka siagi juu ya sanduku la misumari. Angeweza kwenda siku ile ile. Kutoka karakanani hadi malishoni ni mwendo wa robo saa. Alinawa mikono, akavaa koti, akafika hadi darajani. Hapo alisimama akafikiria atakavyofika na atakachoulizwa. Mélanie sasa hangekubali jambo liwekwe mezani na kuachwa hapo. Angemtazama moja kwa moja, kama Bwana Brissonnet, na angetaka ndiyo au hapana. Na yeye angejibu nini? Kwamba alikwenda kumlinda? Kwamba alikuwa amefikiria kidogo, mkahawani, huku anaungua? Maji yalipita chini ya daraja yakiwa mengi na ya udongo. Akarudi. Alijiambia atakwenda wiki ijayo, mambo yakipoa, na kila wiki mambo yalikuwa yamepoa zaidi kidogo, mpaka yakawa baridi.

Fremu aliisogeza ukutani. Miezi ile watu walileta baiskeli nyingi, na hakuna aliyetaja harusi tena. Walikuwa wameona wenyewe kwamba havuki daraja kwenda kwa Mama Tocqueray. Kuna siku Polydore alileta gazeti lililosema kwamba mtu fulani, mahali fulani, ameandikishwa rasmi kwa kupanda wima chini ya nusu dhiraa, mbele ya mashahidi sita.

"Umesoma?" aliuliza Polydore.

"Nimesoma."

"Huoni uchungu?"

"Siwezi kusema nimefurahi."

Polydore alikaa karibu saa nzima siku ile, bila baiskeli. Ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, na Anthime aliipokea.

Siku ya Mtakatifu Katarina, mwezi wa kumi na moja, ambayo ndiyo siku ya kupanda miti, Mama Tocqueray alipanda matufaha kwenye yale malisho tambarare. Alipanda miche sitini kwa mistari, kila mmoja na kigingi chake na uzio mdogo wa kuzuia ng'ombe. Anthime alisikia habari kwa padri. Hakwenda kuona hadi mwezi wa tano wa mwaka uliofuata, alipopeleka baiskeli kwa mwalimu wa ng'ambo ya mto na njia ikampitisha hapo.

Alisimama kando ya uzio. Mahali alipokuwa ameinuka palikuwa na mti, labda miwili. Hakuweza kujua ni ipi, maana nyasi zilikuwa zimeota sawa pote. Majani ya miche yalikuwa madogo, ya kijani kibichi sana. Kati ya mstari na mstari pangepita ng'ombe mmoja, si zaidi.

Mélanie alikuwa upande wa pili, amepiga magoti, anakaza kamba kwenye kigingi. Alikuwa amemwona, kwa sababu mikono yake ilipunguza mwendo. Amenenepa kidogo, alifikiri Anthime. Au labda ni koti.

"Imeshika?" aliuliza, akionyesha miche kwa kidevu.

Mélanie alimaliza fundo. Alisimama, akapangusa magoti, akatazama mistari yake hadi mwisho wa malisho.

"Haijafa," alisema.

Anthime alitikisa kichwa. Akajua kwamba imeshika yote, kwamba hakuna hata mmoja uliokauka wakati wa baridi, kwamba mwenyewe anajivunia na kwamba baada ya miaka michache patakuwa na mavuno mazuri. Angeweza kumweleza haya yote mtu yeyote ambaye angemuuliza. Alingoja kidogo kuona kama lingekuja jingine. Mélanie alikuwa amehamia mche unaofuata, mgongo wake umemwelekea. Anthime akaiinua baiskeli ya mwalimu kutoka kwenye majani, akapangusa umande uliokuwa kwenye kiti, akaisukuma kuelekea darajani.